Jinsi ya kutambua aina za galaksi, kwenye picha na angani, ukiwa hapa hapa Dar

Picha za galaksi siku hizi zimejaa kwenye simu zetu, mtu anaiona status ya rafiki yake, anasema mashaallah, anapita. Ni kweli zinapendeza lakini hamna aliyetuambia tuangalie nini, kwahiyo zote tunaziona ni mwanga tu wa rangi rangi. Mimi hii kitu naipenda sana na nataka nikuelekeze namna ninavyoziangalia mwenyewe, hatua kwa hatua, afu mbele huko nikwambie usimame wapi hapa Dar ili baadhi uzione kwa macho yako, maana zipo za kuonekana bila darubini yoyote na wakazi wengi wa huu mji wanazeeka bila kujua.

Kifupi kwanza. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi, vumbi na ile maada nyeusi isiyoonekana, vyote vimeshikwa pamoja na nguvu ya mvutano. Yetu inaitwa Njia Nyeupe, ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na upana wake ni kama miaka ya nuru 100,000. Yani mwanga wenyewe, unaokimbia kilomita laki tatu kila sekunde, unahitaji miaka laki moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Jua letu halipo katikati, lipo umbali wa miaka ya nuru kama 26,000 kutoka katikati. Na galaksi ziko nyingi kiasi kwamba Desemba 1995 darubini ya anga ya Hubble ilielekezwa siku 10 kwenye kipande kidogo cha anga ambacho kilionekana kama hakina kitu, zikatoka galaksi kama 3,000 kwenye picha moja. Za kufanyia mazoezi hazitakaa ziishe.

Sasa usianze na majina. Hapo ndo wengi wanakwama, wanakariri E3, Sb, SBc kama namba za mabasi afu wakiletewa picha hawajui waanzie wapi. Anza na maswali, na uyaulize kwa mpangilio.

Swali la kwanza, je ni laini tupu au kuna kitu ndani yake? Zumu picha, angalia mwanga unavyotoka katikati kwenda nje. Kama unapungua polepole pande zote, hamna mstari, hamna mkono, hamna doa jeusi, ni mng'ao tu wa rangi ya njano au machungwa ya kufifia, hiyo ni galaksi duaradufu. Watu wanaziruka hizi kwa sababu hazina mbwembwe, na mimi nadhani wanakosea sana, kwa sababu galaksi kubwa kuliko zote tunazozijua ziko kwenye kundi hili. Mfano M87 (hizi M na NGC utakazokutana nazo ni namba tu za orodha za vitu vya angani), iko kwenye kundinyota la Mashuke, miaka ya nuru kama milioni 55 kutoka hapa, na ndo ile iliyotoa picha ya kwanza kabisa ya shimo jeusi, ilitangazwa Aprili 2019, shimo lenye uzito wa Majua bilioni 6.5. Ukiiangalia M87 kwenye picha ya kawaida ni duara laini tu, ila ukiangalia vizuri kuna mshale wa mwanga unachomoza kutoka katikati, ule ni mkondo wa chembechembe unaorushwa na hilo shimo.

Duaradufu zinapewa namba kuanzia E0 mpaka E7 na hiyo namba unaweza kuipata mwenyewe sasa hivi kwa rula ya shule. Weka picha kwenye skrini, pima urefu wa galaksi, pima upana, gawa upana kwa urefu, jibu litoe kwenye 1, afu zidisha kwa 10. Tuseme urefu ni sentimita 5 na upana ni 3, tatu gawa kwa tano ni 0.6, moja toa 0.6 ni 0.4, mara kumi ni 4, basi hiyo ni E4. E0 ni mviringo kabisa. Ila jua kwamba hiyo namba inasema galaksi inavyoonekana kutoka huku kwetu, haisemi umbo lake halisi, kwa sababu kitu kirefu ukikitazama kwa mbele kinaonekana cha mviringo.

Na hilo ndo linatuleta kwenye swali la pili ambalo kwangu mimi ndo muhimu kuliko yote: je, naiangalia kwa juu au kwa ubavu? Chukua sinia jikoni, lishike mbele ya uso wako ulione duara lote, halafu liinamishe taratibu mpaka ubaki unaona ukingo peke yake. Umeona, sinia ni lile lile ila umbo limebadilika kutoka duara, likawa yai, likawa mstari. Galaksi nyingi ni bapa namna hiyo na sisi hatuwezi kuzunguka upande wa pili kuziangalia, kila moja imelala ilivyolala. Kwahiyo ukiona mstari mwembamba wenye uvimbe katikati na mara nyingi mstari mweusi wa vumbi umekata katikati yake, usiseme ni aina mpya, ni galaksi bapa unaiona kwa ubavu, na kama ina mikono huwezi kuiona kabisa, unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ni bapa, basi. Ukiona yai, bado hujui, endelea kutafuta dalili ya mikono ndani ya hilo yai.

Ukishajua ni bapa na umeiona kwa juu au kwa mshazari, sasa tafuta mikono. Hizi ndo zile galaksi ambazo kila mtu anazijua, mikono inajizungusha kutoka katikati. Mtu wa kwanza kuuona huo mzunguko ni Lord Rosse wa Ireland, mwaka 1845, alijenga darubini yenye kioo cha upana wa mita 1.8 kwenye kasri lake la Birr, akaichora M51 kwa mkono na mikono yake yote, na wakati huo hamna aliyejua kwamba anachokichora kiko nje ya Njia Nyeupe. Ilipita karibu miaka 80 ndo ikajulikana.

Kwenye mikono kuna vitu vitatu vya kuangalia na vinakwenda pamoja mara nyingi. Kwanza imekaza kiasi gani, imejiviringa karibu karibu au imeachia wazi. Pili kitovu cha katikati ni kikubwa au kidogo. Tatu mikono ni laini au imejaa madoa madoa ya bluu na pinki. Mikono iliyokaza, kitovu kikubwa, madoa machache, hiyo ni Sa. Mikono iliyoachia, kitovu kidogo, madoa kibao, hiyo ni Sc. Ya katikati ni Sb, na jirani yetu Andromeda ni Sb. M33 ambayo nayo ni ya jirani ni Sc, ukiangalia picha yake utaona mikono imechanika chanika vipande vipande. Yale madoa ya pinki usiyapuuze, pale ni gesi ya haidrojeni inawaka kwa sababu ya nyota changa zilizo ndani yake, yani kila doa la pinki ni sehemu ambayo nyota zinazaliwa.

Kisha angalia upau. Fuata mkono mmoja kwa kidole kuelekea ndani mpaka uingie katikati. Kama mkono unaingia moja kwa moja kwenye kitovu, haina upau. Kama mkono unafika sehemu unakunja ghafla na kuna mstari ulionyooka wa nyota unapita katikati ya kitovu toka upande huu hadi ule, huo ndo upau, na jina lake linaongezewa herufi B, SBa, SBb, SBc. Kama unataka mfano ambao hauna ubishi tafuta picha ya NGC 1300 au NGC 1365, upau wake unaonekana hata ukiwa na simu yenye kioo kimepasuka. Karibu theluthi mbili za galaksi za mikono zina upau, kwahiyo ni kitu cha kawaida, na Njia Nyeupe yetu nayo inao. Kazi yake ni kusukuma gesi kuelekea katikati, kule inakwenda kutengeneza nyota mpya au kulisha shimo jeusi. La kwetu lipo, lina uzito wa Majua kama milioni 4, picha yake ilitoka Mei 2022.

Ukiona upau ni kama upo kama haupo, na wewe upo sahihi. Mwaka 1959 mwanafalaki Gérard de Vaucouleurs aliongeza aina ya katikati, SAB, kwa sababu maumbile hayakuja na mipaka tuliyoichora sisi.

Halafu kuna hizi za lenzi, S0. Hizi ni bapa kama za mikono, zina kitovu kama za mikono, lakini mikono hamna. Gesi yake imeisha au imenyang'anywa. Kuzitofautisha na duaradufu kwa picha ya mbele ni kazi, hata wataalamu wanabishana, ila ukiipata imekaa kwa ubavu unaona ukingo mwembamba umechongoka pande mbili na hapo hamna shaka. NGC 3115 ni mfano mzuri.

Zinazobaki ni zisizo na umbo maalum. Hamna kitovu cha kueleweka, hamna mikono, ni mchanganyiko wa nyota na gesi umetawanyika. Nyingi ni ndogo, na nyingi zimevurugwa na jirani mkubwa anayezivuta. Hapa weka na zile zilizogongana, kama Antennae, yani NGC 4038 na NGC 4039, ambazo mikia ya nyota imerushwa mbali nje. Kuna za pete pia, kama Cartwheel ambayo galaksi ndogo ilipita katikati yake ikasababisha wimbi la nyota mpya kwenda nje, darubini ya anga ya James Webb iliipiga picha ikatolewa Agosti 2022. Ukiona galaksi mbili zimekaribiana tafuta daraja la mwanga kati yao au mkia uliopinda, bila dalili hizo inawezekana moja iko mbele sana na nyingine nyuma sana na zimepangana tu machoni petu.

Galaksi kibete ndo nyingi kuliko zote ulimwenguni ila kwenye picha hutaziona sana, zina mwanga hafifu. Hata moja iliyo karibu yetu sana upande wa kundinyota la Mshale iligunduliwa 1994 tu, na miaka yote ilikuwa hapo nyuma ya katikati ya Njia Nyeupe.

Rangi nayo inasema kitu. Nyota kubwa za bluu zinachoma haraka, zinaishi miaka milioni chache tu, wakati nyota kama Jua inakaa miaka bilioni 10. Maana yake ukiona bluu kwenye galaksi, nyota zinazaliwa pale hadi leo au juzi juzi kwa hesabu za anga, kwa sababu kama uzazi ungekuwa umesimama zamani bluu yote ingekuwa imeshakufa. Njano na nyekundu ni wazee. Ndo maana duaradufu ni za njano na mikono ni ya bluu wakati kitovu cha galaksi hiyo hiyo ni cha njano. Ila usihukumu kwa rangi peke yake, kuna galaksi za mikono ambazo ni nyekundu na kuna duaradufu za bluu, chache lakini zipo. Na picha nyingi za James Webb zinapigwa kwa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, rangi zimewekwa baadaye, kwahiyo hii kanuni ya rangi itumie kwenye picha za mwanga wa kawaida.

Tujaribu moja kwa pamoja, M104, ile inayoitwa Sombrero, fungua picha yake. Swali la kwanza, laini au kuna kitu? Kuna kitu, mstari mweusi mzito wa vumbi. Swali la pili, juu au ubavu? Karibu ubavu kabisa, umeinama kidogo tu ndo maana ule mstari umepinda kidogo ukazunguka mbele. Mikono? Haionekani vizuri kwa sababu ya mlalo. Kitovu? Kikubwa mno, kimejaa kote juu na chini ya mstari, kwahiyo watu wakaiita Sa miaka mingi. Sasa mwaka 2012 vipimo vya darubini ya Spitzer vikaonyesha kwamba ule mng'ao mkubwa wa nje una tabia ya duaradufu, yani ni kama galaksi bapa imekaa ndani ya duaradufu. Kwahiyo ukiiangalia ukasema mbona hii inanichanganya, umeiangalia vizuri.

Jambo moja ambalo linapotosha watu wengi. Edwin Hubble, yule mtu ambaye darubini imepewa jina lake, alitoa mpangilio huu mwaka 1926, na kwenye mchoro wake uliokuja kujulikana sana duaradufu ziko kushoto halafu mstari unagawanyika matawi mawili, za mikono za kawaida na zenye upau. Za kushoto zikaitwa za mapema na za kulia za baadaye, watu wakadhani galaksi inazaliwa duara inakua inaota mikono. Hapana. Tunavyojua leo ni karibu kinyume, galaksi za mikono zikigongana na kuungana mpangilio wake unavurugika na mara nyingi kinachobaki ni duaradufu. Sisi wenyewe tunaweza kupitia hiyo. Andromeda inatusogelea kwa kasi ya kilomita kama 110 kwa sekunde, na miaka mingi ilisemwa kugongana ni lazima ndani ya miaka bilioni 4 au 5, ila mahesabu yaliyotoka 2025 yakasema ni nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10.

Haya, tutoke nje sasa.

Dar ipo nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, na hiyo ni bahati kubwa kwa sababu tunaona anga ya kusini na sehemu kubwa ya kaskazini. Watu wa London hawatayaona Mawingu ya Magellan, yani zile galaksi mbili ndogo za jirani zetu, hata wakae nje mwaka mzima. Tatizo letu ni taa. Kariakoo, Posta, Ubungo, Sinza, usipoteze muda, mwanga wa mji unafunika kila kitu. Lakini hamna haja ya kusafiri siku nzima, cha msingi ni kujua unachotafuta kiko upande gani wa anga ili mwanga wa mji ubaki mgongoni kwako. Kinachotafutwa kikiwa kusini, nenda kusini mwa mji, Kimbiji, Pemba Mnazi huko mbele ya Kigamboni, ukitazama kusini taa zote ziko nyuma yako. Kinachotafutwa kikiwa kaskazini, nenda Bagamoyo au mbele yake, utazame kaskazini. Ukikosea hapo, ukaenda Bagamoyo kutafuta kitu cha kusini, utakuwa unatazama juu ya mwanga wote wa Dar na hutaona kitu. Chagua siku za mwezi mwandamo, nendeni wengi, mwombeni mwenyeji wa hapo, na msikae ufukweni wawili usiku bila kujulikana mpo.

Ukifika zima taa, zima na simu, au punguza mwanga wake mpaka mwisho, na ukae kwenye giza dakika 20 hadi 30. Jicho linahitaji huo muda. Mtu mmoja akiwasha tochi kwenye kundi, mnaanza upya wote. Na kitu hafifu usikikodolee moja kwa moja, tazama pembeni yake kidogo, jicho linaona vizuri zaidi giza kwa pembeni kuliko kwa katikati, utashangaa kitu kinatokea.

Januari na Februari, kiangazi kile kati ya vuli na masika, ndo wakati wa Wingu Kubwa la Magellan. Kuanzia saa tatu usiku tazama kusini. Tafuta Shira (Sirius) kwanza, nyota inayong'aa kuliko zote, iko juu kabisa. Shuka kuelekea kusini utakutana na Suheli (Canopus), ya pili kwa mwanga, manahodha wa majahazi wanaijua. Umbali ule kutoka Shira hadi Suheli, chukua nusu yake, endelea kushuka kusini na ukunje kidogo kulia. Pale utaona kipande cha weupe hafifu na utasema ni wingu. Subiri dakika kumi na tano. Mawingu yote yatasogea na upepo wa kaskazi, lile halitasogea nayo. Hiyo ni galaksi nzima, iko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, umeiona kwa macho matupu. Kwenye vitabu inawekwa na zisizo na umbo maalum lakini ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili utaona ina kama upau mrefu, kwa sababu ilikuwa bapa ikavurugwa na mvutano. Februari 1987 nyota moja ndani yake ililipuka na watu wakaiona bila darubini, mara ya kwanza tangu 1604 supanova kuonekana hivyo.

Wingu Dogo liko kulia kwake, ni hafifu zaidi na Februari linakuwa limeshaanza kuzama, kwahiyo lenyewe litafute Novemba na Desemba. Ukilipata kaa nalo kidogo. Henrietta Leavitt, mwanamke aliyekuwa anafanya kazi Harvard, alikaa na picha za hilo wingu akipima nyota zinazobadilika mwanga, na mwaka 1912 akaonyesha kwamba nyota ya aina hiyo ikichukua muda mrefu kubadilika basi mwanga wake halisi ni mkubwa zaidi. Hapo akawa ametupa kipimo cha umbali. Mwaka 1923 Hubble akaipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, akatumia kipimo cha Leavitt, ikathibitika Andromeda iko mbali mno kuwa ndani ya Njia Nyeupe, ni galaksi nyingine kabisa. Bila hilo wingu dogo linaloonekana kutoka Kimbiji mpangilio wote huu tunaouongelea usingekuwepo.

Andromeda yenyewe ni ya Novemba, kama saa tatu usiku iko kaskazini kabisa, nusu ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini, mvua za vuli zikikupa nafasi. Tumia Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwenye simu ikuonyeshe eneo lenyewe. Ni doa refu hafifu, umbali miaka ya nuru milioni 2.5. Mwanafalaki wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliliandika mwaka 964 kama wingu dogo. Utakachoona ni kitovu chake tu, mikono inahitaji kamera.

Mwisho wa Mei na Juni, masika yakiisha, tazama kusini tena, kushoto kwa Msalaba wa Kusini na juu zaidi, kuna Centaurus A, kwa darubini ya macho mawili ni doa la mviringo hafifu. Hiyo ni ya kundi la duaradufu iliyomeza galaksi nyingine na vumbi la aliyemezwa bado limekatiza katikati kama mstari mweusi, kwenye picha linaonekana wazi. Na Julai na Agosti ni Njia Nyeupe yenyewe, saa tatu, saa nne usiku, kati ya Nge na Mshale karibu na utosini, pale ndo kitovu chetu kilipo. Ule weupe na ile mistari myeusi inayoukata ni ile ile ya kwenye picha za galaksi za ubavu, sisi tupo ndani ya ubapa tunaiona yetu kwa ubavu. Simu za sasa zinaipiga, iegemeze kwenye tofali ikitazama juu, weka mpangilio wa kitaalamu kwenye kamera, sekunde 20 hadi 30, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 au 3200, na tumia kihesabu muda ili kidole kisiitikise.

Siku ambazo huwezi kutoka fanya mazoezi kwa simu. Kuna mradi unaitwa Galaxy Zoo, ulianza Julai 2007, unafungua kwenye brauza, unaletewa galaksi halisi na unaulizwa maswali karibu yale yale niliyokuandikia juu, laini au ina vitu ndani, iko kwa ubavu, kuna upau, mikono mingapi, imekaza kiasi gani. Majibu ya watu wengi yakikusanywa wanasayansi wanayatumia kweli kweli. Mwaka huo huo wa kwanza mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona kwenye picha doa la ajabu chini ya galaksi moja, akauliza hiki ni nini, likawa ni wingu kubwa la gesi lililowashwa na mwanga mkali wa galaksi ile, na leo lina jina lake. Alikuwa anaangalia tu kwa makini.

Ukianza kujibu, jibu unachokiona kwenye hiyo picha, usijibu unachodhani kinatakiwa kuwepo. Mwanzoni mradi uliuliza mikono inazunguka kulia au kushoto, ikatokea za kushoto ni nyingi kupita kiasi, wakapindua picha kama kwenye kioo wakawarudishia watu, na bado wakajibu kushoto zaidi. Ni jicho la binadamu lina upendeleo wake, ulimwengu hauna. Kwahiyo ukiwa na mashaka geuza simu juu chini uiangalie tena. Picha ikiwa ndogo na hafifu na huoni mikono sema laini, hata kama moyo unakwambia ingefaa iwe nayo. Na ukikutana na doa linalong'aa sana lenye miale iliyonyooka, minne kwenye picha za Hubble au sita mikubwa kwenye za James Webb, hiyo ni nyota ya humu humu Njia Nyeupe imekaa mbele, chagua nyota, nenda picha inayofuata.